Raia na Laia wa Kiwiliwili

Anayetaka kujua njia ya kwenda nchi ya Kiwiliwili asimsumbue Bi Radhia Mwinyimvua, maana hata yeye haijui. Anachokumbuka ni kwamba aliingia Jumatatu asubuhi akiwa na kikapu, miwani na afya njema, na kwamba alipotoka afya aliiacha huko huko. Wapo wanaosema ametunga. Mimi namwamini, kwa sababu mtu anayetunga hujipa sehemu nzuri katika hadithi yake, na Bi Radhia hakujipa.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mwalimu wa imla. Ukisema "mahali" mbele yake ukikusudia "mahari", umekwisha. Utaliandika neno hilo mara mia wakati wenzako wanacheza. Kalamu yake nyekundu ilijulikana tarafa nzima. Aliamini kwamba mtu anayechanganya r na l ana uvivu fulani rohoni, na wala hakuificha imani hiyo. Kwa hiyo alipofika kwenye lango la Kiwiliwili akakuta walinzi wamewapanga wasafiri foleni, wakimtaka kila mmoja atamke neno moja tu, "raia", alijisemea kwamba hatimaye amefika kwenye nchi ya watu wenye akili.

Mbele yake alisimama mwanamume aliyebeba gunia linalovuja majimaji ya kijani, harufu yake ikichoma pua.

"Sema," mlinzi akamwambia.

"Raia," akasema yule mtu, r yake ikikwaruza vizuri kabisa.

"Pita, ndugu."

Hakuna aliyeligusa gunia. Bi Radhia alishtuka kidogo, lakini zamu yake ilikuwa imefika. Alilitamka neno kama alivyozoea kuwatamkia watoto, ulimi ukitetemeka juu ya meno, na walinzi wakaacha kazi wakampigia makofi.

Haikupita saa moja akawa mbele ya Jemadari Sururu, mkuu wa walinzi wote wa Kiwiliwili, mtu wa kifua kipana aliyelitaja jina lake kwa r mbili ndefu kiasi kwamba kikombe kilicheza mezani. Nyuma yake ilisimama sanamu ya herufi R iliyochongwa kwa mawe, urefu wa mtu mzima. Sanamu kama hiyo zilikuwa kila njia panda ya nchi ile.

"Mwalimu, nchi hii iliokolewa na herufi moja," alisema Jemadari. "Miaka sitini iliyopita Wabulu walituvamia. Waliingia kimya kimya, wakakaa majumbani mwetu, wakala vyakula vyetu. Tuliwajuaje? Walishindwa kusema raia. Walisema..." Alisita, akainama, akalitamka neno lile kwa sauti ya chini, "laia," kisha akasukutua mdomo kwa maji na kuyatema kwenye bakuli la shaba lililowekwa pale kwa kazi hiyo tu. "Tukawamaliza wote."

"Walikuwa na sura gani?"

"Sura?" Jemadari alionekana kutoelewa. "Sura za nini? Walisema hivyo nilivyokwambia."

"Na siku hizi bado wanakuja?"

"Hajaonekana hata mmoja tangu nikiwa mtoto. Umeona jinsi tunavyofanya kazi?"

Kisha akamweleza shida yake. Msikilizaji Mkuu wa nchi, yule ambaye kazi yake ilikuwa kuamua kama mshtakiwa ametamka r au l, alikuwa amestaafu kwa sababu ya masikio. Ijumaa kulikuwa na kesi kubwa. Je, Mwalimu angekubali kukaa kwenye kiti kile kwa siku moja? Neno lake lingekuwa la mwisho, halina rufaa.

Bi Radhia alikubali kabla mwenzake hajamaliza kusema. Alijisikia mtu mkubwa. Ilikuwa kama nchi nzima imekuja kumshukuru kwa miaka thelathini na mmoja ya wino mwekundu.

Sheria ya kwanza ya Kiwiliwili ni kwamba chochote kinachoingia nchini, kiwe chakula, kinywaji, dawa au mgeni, lazima kipitie kwanza mtaa wa Ini, ulioko upande wa kulia chini ya vilima vinavyoitwa Mbavu. Hapo kinachujwa, ndipo kinaruhusiwa kwenda kwingine. Mgeni naye hulala Ini siku tano, ila mchana huruhusiwa kutembea. Bi Radhia akapelekwa huko na kukabidhiwa kwa Bi Ghalia, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyobabuka hadi viwikoni, msimamizi wa mfereji mkubwa wa kuchujia.

"Habali za safali, mwalimu?" aliuliza Bi Ghalia.

Vidole vya Bi Radhia vilienda vyenyewe kwenye kalamu. "Habari za safari," alimrekebisha.

"Ndiyo hizo hizo. Kaa hapo usije ukaungua."

Kumbe mtaa mzima ulikuwa jiko, dobi na ghala kwa pamoja. Mapipa yalichemka safu kwa safu. Mizigo ilishuka bila kukoma, na watu wa Ini waliipokea, wakaigawa, wakakiweka akiba kile kitamu ili wakipeleke kwenye mitaa mingine ikipatwa na njaa, na kilicho kibaya wakakivunjavunja mpaka kikaisha nguvu. Walitengeneza pia maji machungu ya rangi ya manjano yaitwayo nyongo, yaliyoteremka kwa mfereji wake kwenda kusaidia kusaga chakula huko chini. Bi Radhia aliliona lile gunia la langoni likifika. Bi Ghalia alichovya kidole, akaonja, akakunja uso, machozi yakamtoka, akatema.

"Sumu," alisema. "Lakini ndani yake kuna chumvi nzuli. Tutaitoa."

"Unaionja? Sumu unaionja?"

"Utaijuaje bila kuionja?" Alitoa ulimi wake nje kumwonyesha. Ulikuwa mnene, umepauka, umejaa makovu toka ncha hadi shina. "Mama alionja, bibi alionja. Ulimi ukiungua mala nyingi unakataa kuvilingika. Sisi wote hapa hatuna helufi ile yenu."

Sura za wanafunzi wake kadhaa zilimjia Bi Radhia, akazifukuza.

Alipoinua macho ndipo akauona mtaa vizuri. Nyumba tatu mkabala na mfereji zilikuwa zimebomolewa, na zilizosimama zilikuwa na mishale kwenye kuta, milango, mpaka kwenye mapipa. Alipigwa na butwaa. "Wabulu wamerudi?"

Bi Ghalia alichomoa mshale mmoja mlangoni mwake, uliokuwa ukitumika kutundikia chujio, akampa. Kwenye mti wake palichongwa herufi R.

"Ni walinzi wetu," alisema. "Wanapita kila wiki. Wanauliza neno, tunajibu, wanapiga."

Bi Radhia alikaa chini kwenye matope na gauni lake la safari. Walinzi wa nchi wanaipiga nchi! Aliuliza kwa nini hawakimbii, na Bi Ghalia akacheka.

"Tukimbilie wapi, mwalimu? Nchi nzima inakula kwetu. Na isitoshe sisi tunajua kujenga. Tukiachwa siku kumi tu, tunalejesha kila kitu. Shida ni wale wa vilaka."

Wa viraka walikuwa watu wa Wizara ya Viraka. Sheria yao ilisema kwamba nyumba yoyote iliyobomolewa Ini ijazwe saruji siku hiyo hiyo, mpaka juu, bila mlango wala dirisha, ili pasionekane pengo. Bi Radhia alitembezwa akajionea. Mitaa mizima ilikuwa ukuta mtupu, laini, mgumu, umepakwa chokaa. Maji hayakupita, watu hawakupita. Theluthi mbili za Ini zilikuwa tayari saruji, na kazi yote ya Kiwiliwili ilikuwa ikifanywa na theluthi moja iliyobaki, ambayo nusu yake ilitegemea mfereji wa Bi Ghalia.

"Na huu wakiuvunja?" aliuliza Bi Radhia.

"Wameshaniita. Ijumaa."

Hapo ndipo alipofahamu ni kesi ya nani aliyokubali kuisikiliza.

Jumanne alikwenda mjini, na huko mshtuko wake ukaongezeka. Kwa kuwa mifereji ya nyongo ilikuwa imezibwa na viraka, maji yale ya manjano yalirudi nyuma yakamwagika katika kila barabara. Kuta zilikuwa manjano. Macho ya watu yalikuwa manjano, ya wachuuzi na ya waheshimiwa vilevile. Lakini Baraza linalotawala nchi lilikuwa limepiga marufuku kulitaja neno manjano. Rangi ile iliitwa rangi ya heshima, na waliokuwa na uwezo walivaa mavazi ya rangi hiyo hiyo ili macho yao yasijitenge. Nyongo ile iliwasha. Watu walijikuna mikono, migongo, nyayo, mpaka damu. Badala ya kuuliza kinachowasha, Baraza lilitangaza kwamba kujikuna hadharani ndiyo saluti ya taifa. Na kwa kuwa kila mtu alichoka ajabu, saa tano asubuhi maduka yalifungwa watu wakalala mezani, na usingizi huo uliitwa mapumziko ya kizalendo.

"Kwani tatizo ni nini hasa?" alimuuliza muuza kitambaa.

"Ini," alijibu yule mtu, akijikuna shingo kwa heshima. "Walevi wale. Kila mtu anajua."

Jioni alimuuliza Bi Ghalia bila kuzunguka: mnakunywa? Bi Ghalia hakukasirika. Alionekana mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo na kila mgeni.

"Pombe ya nchi nzima inapita hapa. Tunaionja, tunaivunja, inatuunguza. Wanaokunywa ni hao wanaotusema."

Jumatano alifika Tabibu Mkami, mwembamba, mpole, ambaye Baraza lilikuwa likimwita kila mwaka na kila mwaka likipuuza alichosema. Alikuwa na sindano ndefu yenye tundu. Aliichoma kwenye ukuta wa nyumba ya Bi Ghalia, akatoa kibanzi chembamba cha udongo, akakiweka chini ya kioo cha kukuzia na kumwita Bi Radhia aangalie.

"Mwalimu, wewe unajua kusoma. Hapa napo ni kusoma tu. Pombe ikiharibu ukuta huacha mafuta mengi ndani yake. Unaona mafuta?"

"Sioni."

"Wabulu nao wakipita huacha nyayo. Unaziona?"

Hakuziona. Alichokiona ni vitu vidogo vingi, vimejazana katika kila ufa, vikitafuna. Aliondoa jicho haraka.

"Hao ni walinzi," alisema Tabibu. "Hawapigi kutoka nje tu. Wamekwisha kuingia ukutani. Nimewakuta hivyo kila nyumba niliyopima. Wanafanya kazi yao kwa uaminifu mkubwa, na hilo ndilo linalonitisha."

"Sasa dawa yake?"

Tabibu alieleza bila kupamba. Kulikuwa na uji maalumu. Walinzi wakiunywa kila asubuhi, hasira ingeshuka na mikono ingelegea, na Ini lingepata nafasi ya kujijenga pale ambapo saruji haijafika. Baadaye kingeongezwa kipimo cha pili, chenye kufanya kazi polepole, cha kupunguza idadi ya makuruta wanaotoka kambi ya Uboho iliyoko ndani ya mifupa, ili uji upunguzwe. Hakuna aliyewahi kugundua namna ya kuwafundisha walinzi upya. Ilikuwa ni kuwatuliza tu, na kuendelea kuwatuliza.

Alhamisi Baraza lilikaa. Bi Radhia alipewa kiti cha mbele kwa heshima ya cheo chake, na anasema hajawahi kusikia mambo kama yale kwa watu wazima. Waziri wa Viraka alitaka walinzi waongezwe mara mbili, kwa hoja kwamba Ini likizidi kubomoka ni dalili kuwa Wabulu wamezidi. Mheshimiwa mwingine alitaka Ini lifungwe lote, nchi ipumzike. Alipoulizwa chakula kitapita wapi, alisema hilo litaundiwa kamati. Akaja mfanyabiashara mwenye mtungi wa unga wa mizizi aliouita Safisha Ini, akidai ukimwagwa mtaani humo utatoa uchafu wote kwa siku saba. Tabibu alisimama kusema kwamba unga ule ulikwisha kumwagwa miaka miwili nyuma na ukawaunguza waonjaji kumi na wanne. Mfanyabiashara akajibu kwamba hao hawakuwa na imani.

Kisha ikafika zamu ya Jemadari Sururu. "Huyu anataka kuwalevya walinzi wangu ili nchi iingiliwe! Tabibu, useme ukweli hapa. Wakinywa uji wako, wezi hawataingia?"

"Wataingia baadhi," alisema Tabibu. "Itabidi milango iangaliwe kwa karibu. Na kuna zaidi. Uso wa nchi utavimba. Usingizi utakuwa wa shida, njaa itakuwa kubwa, mifupa italegea. Na mkishauanza msiuache ghafla hata siku moja, maana nchi itaanguka chini. Hamtaupenda uji huu, waheshimiwa. Nauleta kwa sababu bila huo, mwakani hamtakuwa na Ini, na asiyekuwa na Ini hana Kiwiliwili."

Ukumbi ulizomea. Watu walikuwa wamezoea matabibu wanaoahidi. Bi Radhia, aliyekuwa akiandika yote, aliona mambo mawili yaliyomsumbua. Mikono ya Waziri wa Viraka, alipoinyoosha mbele kusisitiza jambo, ilipepea yenyewe kama ya mtu anayefukuza nzi. Na katikati ya hotuba Waziri alisimama kimya, akauangalia ukumbi, akauliza taratibu, "Nilikuwa nasema nini?"

Mwishowe Baraza lilifanya linalopendwa na mabaraza yote, likamtupia mtu mwingine uamuzi. Likapitisha kwamba kesi ya Ijumaa ndiyo kipimo. Msikilizaji Mkuu akisema Bi Ghalia ametamka raia, basi walinzi wamekosea na uji utapikwa. Akisema ametamka lile neno jingine, mfereji utajazwa saruji na habari ya uji isitajwe tena. Na kwa kuwa desturi ya mahakama ilitaka mfereji wa mshtakiwa ufungwe siku moja kabla, ukafungwa mchana ule ule. Maji ya jioni yalikuja mjini bila kuchujwa, mazito, yana ladha ya kutu. Watu waliyanywa huku wakijikuna.

Magharibi ile Bi Radhia alikaa na Bi Ghalia mbele ya mapipa yaliyopoa. Ulikuwa ukimya wa ajabu kwa mtaa ule.

"Jaribu tena," alimbembeleza. "Ncha ya ulimi hapa juu. Isukume hewa. Rrr."

"Lll," alisema Bi Ghalia.

"Rrr!"

"Mwalimu, acha. Unanitesa bule."

Bi Radhia aliinamisha kichwa. Akilini alimwona Halifa, mwanafunzi wake wa darasa la nne aliyeacha shule kwa sababu ya herufi hiyo, na kwa mara ya kwanza hakumfukuza. Alilia waziwazi. Kisha akafuta miwani na kusema, "Kesho nitadanganya. Sijawahi kudanganya juu ya sauti hata siku moja, lakini kesho nitasimama niseme umetamka raia. Neno langu halina rufaa."

Bi Ghalia alimsogezea kikombe. "Kunywa maji ulale," alisema, "umechoka." Na maji yaliyokuwepo yalikuwa yale yale ya jioni, Bi Radhia akanywa vikombe viwili.

Ijumaa ukumbi ulifurika. Watu walilala kwenye viti, wengine wakicheka peke yao bila sababu. Wapiga mishale kumi na wawili walipangwa kando ya sanamu ya R, kamanda wao, mzee mwenye mvi, akiwa mbele yao. Tabibu Mkami alikuwa mlangoni na sufuria la uji limefunikwa, kwa sababu aliambiwa alete ushahidi. Bi Ghalia alisimamishwa katikati. Alikuwa amevaa nguo safi na kujifunga kanga mbili, mikono yake mipana ikining'inia bila kazi.

"Sema neno," alisema Jemadari.

Bi Ghalia aliwaangalia wapiga mishale mmoja mmoja. "Laia," alisema, wazi kabisa.

Wote wakamgeukia Bi Radhia. Aliinuka. Uwongo wake alikuwa ameukariri tangu alfajiri, na aliufungulia mdomo bila kusita.

"Amesema laia."

Alijisikia mwenyewe. Alidhani ni mtu mwingine aliyesema. "Hapana! Nilitaka kusema laia. Amesema laia! La... la..." Ulimi ulikuwa mzito mdomoni kama kitambaa kilicholowa, na ile kutu ya maji ya jana ilikuwa bado juu yake. Aliushika kwa vidole viwili, mbele ya watu wote, akaukunja juu, akausukuma, na neno likatoka vile vile. Miaka thelathini na mmoja! Alipiga yowe.

Jemadari aliruka kwa furaha. Hakuyasikiliza mayowe, hukumu ilikuwa imepatikana. Alifungua karatasi, akatanua kifua, akasoma ili mpaka walio nje wasikie:

"Kwa amli ya Balaza, mwanamke huyu si laia!"

Jemadari alisoma tena, polepole, na likatoka lile lile. Wapiga mishale walikuwa wamefundishwa tangu ujana kwamba mkono utangulie akili, na pinde kumi na mbili zikahama kutoka kwa Bi Ghalia, zikatulia kifuani mwa Jemadari.

"Wapumbavu! Ni mimi! Jemadali Sululu!"

Kamanda mwenye mvi alikuwa analia. Alimpenda mkuu wake, alikula naye miaka ishirini, na sheria ilikuwa haimjui mkuu wala mdogo. Aliinua mkono.

"Nisamehe, Mkuu," alisema. "Tayali! Lusheni!"

Hakuna aliyeachia mshale. Pinde zikamgeukia kamanda. Kisha kila mpiga mishale, kwa woga, akaanza kulijaribu neno chini chini, na ukumbi ukasikika midomo kumi na miwili ikihangaika na herufi moja, na hakuna iliyoipata. Wakaanza kuangaliana. Pinde zikapishana, huyu akimlenga yule, yule akimlenga huyu, na watu vitini wakajaribu nao, wakaziba midomo yao kwa viganja. Na kamanda mzee, mtu mwaminifu kupita wote, alichomoa mshale wa kiunoni, akaugeuza, akaweka ncha yake chini ya titi lake mwenyewe, kwa sababu ndivyo sheria ilivyosema. Bi Radhia aliona nguo ikitoboka.

Bi Ghalia alivuka ukumbi. Alimshika mzee yule kifundo cha mkono kwa mkono wake uliobabuka, akauvuta mshale taratibu kutoka kifuani.

"Kalibuni," alisema. Aligeuka akawaangalia wote, Jemadari, mawaziri, Bi Radhia aliyekuwa bado ameshika ulimi. "Kalibuni nyote."

Mtu mmoja alianza kulia kwa sauti, na wengine wakafuata.

Tabibu Mkami alifunua sufuria. Mlinzi wa kwanza alikuwa tayari amenyoosha mkono, lakini Tabibu akamzuia. "Uji huu haufanyi kazi mpaka upite Ini," alisema. Kwa hiyo ililetwa mwiko, na Bi Ghalia, ambaye nyumba yake ilikuwa na mishale arobaini na sita mlangoni, akauonja uji wa wale walioipiga, akaukoroga, akauonja tena, akatoa kilichohitaji kutolewa. Akajaza bakuli la kwanza akampa kamanda mzee. La pili akampa Jemadari Sururu.

Jemadari aliunusa, akakunja uso.

"Nitakunywa huu mpaka lini?" alimuuliza Tabibu.

"Kila asubuhi."

"Hujanielewa. Nauliza mpaka lini."

"Nimekuelewa," alisema Tabibu Mkami. "Kunywa, usipoe."